Nguo Kavu Kwenye Ukingo wa Birika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha tofali na kikapu cha majivu, nikaambiwa nisugue ngazi. Ilikuwa Butembo, mwaka wa uhuru, asubuhi ya baridi na ukungu kama asubuhi zetu nyingi. Mkubwa wangu aliitwa Mama wa Maji. Hilo lilikuwa jina la cheo chake, na sikumsikia mtu akimwita kwa jina lingine. Hakunieleza kitu. Alikaa juu ya jiwe akimenya viazi na kunitazama. Niliposema nimemaliza, alivua viatu, akashuka ngazi polepole kwa nyayo tupu, akapanda tena.

"Umesugua fasi macho inaona," akasema. "Muguu iko bila macho. Anza tena."

Vijana wa kusanyiko letu wanajua birika la simenti lenye bomba. Wameniomba niandike jinsi kazi ya ulinzi wa maji ilivyofanywa zamani, maana wengi wa wale niliofanya nao wamekwisha kufa. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokuwa.

Sisi tunaomngoja Masiya tunashika Sabato na siku kuu za Maandiko. Tunaamini kwamba Masiya alikwisha kuja mara moja, jina lake Yesu, na kwamba atarudi bila kubisha hodi. Neno letu kubwa ni kurudi. Toba kwetu si kulia mbele ya watu. Ni kugeuka na kutembea kwa miguu yako mpaka kwa mtu uliyemkosea. Kila mwaka, kabla ya mfungo wa Siku ya Upatanisho, tunapewa siku za kurudi. Mtu anakwenda kwa aliowakosea, anamaliza nao, kisha anashuka majini na kuzama mwili mzima. Huyo tunasema yuko tayari. Ambaye hakufanya hivyo, hata akiimba vizuri namna gani, hayuko tayari.

Birika la wanawake lilikuwa shimo lililojengwa kwa mawe kwenye mteremko, chini ya nyumba ya sala, limezungushiwa ukuta wa matete. Maji yaliingia kwa mfereji kutoka kijitoni, yakatokea upande wa chini, kwa sababu sheria yetu inataka maji hai, maana yake maji yanayotembea, si ya kuchotwa kwa ndoo. Mfereji ulifungwa kwa ubao tulioita lango. Kuinua lango kulihitaji mikono yenye subira. Ukiliinua haraka, matope yanaingia na siku nzima imeharibika. Maji yalipofika kwenye jiwe la alama, ambalo ni kimo cha kwapa la mwanamke wa kawaida, tulishusha lango kidogo ili yaingie sawasawa na yanavyotoka.

Mlinzi alikagua kila anayeshuka. Pete zivuliwe, misuko ifumuliwe, dawa ya kidonda ioshwe, ili maji yafike kila mahali. Mwanamke akizama, mlinzi anaangalia nywele. Zikibaki juu hata kidogo, mlinzi anasema "Bado", naye anazama tena. Zikifunikwa zote, anasema "Imefunika". Hayo ndiyo maneno mawili ya mlinzi ndani ya kazi. Kabla ya hapo ana swali moja tu, "Kuna mutu nyuma yako?" Maana yake, yuko mtu uliyemwacha nyuma bila kumaliza naye?

Sasa nieleze kushika nguo, kwa sababu makusanyiko mengine yanatucheka kwa jambo hili. Butembo ni mahali pa baridi, na ukingo wa birika ni matope. Tangu mwanzo anayeshuka majini alihitaji mtu wa kumshikia nguo zake kavu. Mzee aliyeanzisha kusanyiko letu, mtu wa Kayna, aliona wanawake wanawapa nguo marafiki zao. Akaweka sheria kwamba nguo zako atazishika yule uliyemkosea vibaya kuliko wengine mwaka huo. Wewe uko majini, uchi, unatetemeka, na yeye yuko juu na nguo zako mikononi. Akitaka anaweza kuondoka nazo. Mzee alisema kwamba mtu asiyeweza kumwamini aliyemkosea kwa muda wa kuzama mara moja, huyo hajarudi bado.

Sheria ilimpa mshika nguo haki ya kuuliza. Nakumbuka mwaka wangu wa pili, Katungu alishuka, nguo zake zikashikwa na jirani yake Masika. Katungu alikuwa ameungama kwamba alikula kuku wa Masika aliyeingia shambani kwake. Mmoja. Nilikwisha kusema "Imefunika" na Katungu alikuwa anapanda ngazi, Masika akarudi hatua nyuma na zile nguo.

"Na ile kuku ya pili?" akauliza.

"Ile ya pili njo mbweha alikula, Yaya," Katungu akajibu, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Basi mbweha akuletee manguo."

Wanawake wote waliokuwa kwenye foleni walisogea ili wasikie. Katungu alisimama kwenye ngazi, maji yakimfika magotini, meno yanagongana. Mwisho akasema, "Nilikula, Yaya. Nilikula na mayai yake." Masika akampa nguo, akaanza kucheka, na Katungu pia. Mama wa Maji hakucheka. Aliniambia nimrudishe majini azame tena, kwa kuwa mara ya kwanza alizama na kuku mmoja mgongoni.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Nilikuwa nimeolewa na Kambale, karani wa posta, mtu mpole aliyependa kukunja mikono ya shati mara mbili sawasawa. Mwaka wa waasi wa Simba ulipofika, walipoingia Butembo walitafuta makarani, walimu, na kila aliyesemwa kwamba alikula na serikali. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya migomba na haikuonekana kutoka barabarani. Mgeni asingeifikia bila kuonyeshwa. Walikuja moja kwa moja. Walimchukua Kambale kabla hajamaliza kunywa uji wake, na hakurudi. Mtu aliyewaonyesha nyumba sikumjua wakati ule na simjui leo.

Waasi walifika birikani pia. Wao walikuwa na maji yao, waliyonyunyiziwa na waganga wao ili risasi zisiwapate. Mkubwa wao alimwuliza Mama wa Maji kama maji yetu yana nguvu kupita yao. Mama wa Maji alijibu kwamba maji yetu hayazuii kitu, yanaosha tu. Wakamwona ni mwanamke mzee asiye na faida, wakachukua lango letu kuwa kuni, wakaenda. Jeshi la serikali liliporudi, watu walipigwa upya kwa sababu ya kukaa na waasi. Mwaka ule siku za kurudi zilifanyika bila birika, kijitoni, na walioshuka walikuwa wachache.

Baada ya hapo nilitumwa Beni kufungua birika jipya, kwenye kijito upande wa barabara ya Mavivi. Beni kuna joto, na maji ya joto yanaota ukoga haraka, kwa hiyo kazi ya kusugua, ambayo Butembo niliifanya mara moja kwa juma, huko niliifanya kila siku. Mkubwa wangu huko alikuwa Mwangalizi wa Beni. Alikuwa mwalimu wa shule, ametumwa na serikali kutoka jimbo lingine, na kusanyiko lilimkabidhi uangalizi kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Alipenda mambo yaishe. Kila mkutano aliufunga kwa neno la Kifaransa "donc", yaani kwa hiyo, kisha akatoa uamuzi.

Mwaka wa kwanza Beni alikuja mwanamke aitwaye Kahindo. Alikuja na nguo zake kavu zimekunjwa kwapani, peke yake. Nikamwuliza swali letu.

"Iko," akajibu. "Mama Zaina."

Nikamwuliza Mama Zaina yuko wapi. Akasema amekataa kuja. Nikamwambia arudi nyumbani, akarudi.

Habari yenyewe nilielezwa na yeye mwenyewe, na hakuificha kwa mtu. Baba Zaina alikuwa Mwislamu mwenye lori, akipakia chumvi na makayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kutoka Kasindi mpakani kuleta Beni. Kabla ya vita Kahindo alimsimamisha barabarani akiomba apande kwenda kumzika mama yake. Lori lilikuwa limejaa, likapita. Kahindo alifika mazishi yamekwisha. Waasi walipokuja wakitafuta malori na wenye malori, walimwuliza Kahindo kando ya kisima, naye akanyoosha mkono kuonyesha ua wa Baba Zaina. Lori lilichukuliwa. Baba Zaina aliuawa mbele ya mlango wake.

Mwaka uliofuata Kahindo alikuja tena na nguo kwapani, nikamrudisha tena. Ikawa hivyo miaka kadhaa. Kila zilipofika siku za kurudi alikwenda kusimama kwenye mlango wa Mama Zaina, mikono mitupu, kwa sababu sheria yetu inakataza kupeleka zawadi kabla ya neno. Mama Zaina alitoka mara moja tu akamwambia, "Mimi si wa dini yenu. Kwetu mutu anatawadha yeye mwenyewe, hapana kuita mujane amushikie nguo." Kisha akafunga. Miaka mingine hakutoka kabisa. Kahindo alisimama mpaka jua likawa kali, akaondoka.

Kisha Kahindo akaanza kukohoa. Mwaka ule alikonda mpaka kitambaa cha kichwani kikawa kinamtelezea. Kila mtu aliona kwamba hana siku za kurudi nyingi mbele yake. Lililomtia hofu halikuwa kufa. Aliniambia kwamba anaogopa Masiya kumkuta angali amesimama kwenye mlango wa mtu.

Mwangalizi aliniita ofisini, yaani kwenye darasa lake baada ya wanafunzi kutoka. Akaniambia mjane yule ni wa dini nyingine, sheria yetu haimfungi, na mgonjwa hawezi kungoja bila mwisho.

"Donc, wewe njo utashika nguo yake," akasema. "Wewe pia ni mujane wa vita ile ile. Mungu atahesabu."

Nikamjibu kwamba mlinzi wa maji hashiki nguo. Akasema anajua, lakini yeye ndiye Mwangalizi na anaweza kuifungua sheria kwa mgonjwa mmoja. Hilo lilikuwa kweli. Ndipo nikasema neno ambalo sikuwa nimelisema kwa mkubwa yeyote.

"Muangalizi, kuko mutu alionyesha nyumba yangu. Kama siku moja anarudi, na munamupatia mwanamuke mwingine wa kumushikia nguo, mimi nitakuwa nani?"

Alifuta ubao uliokuwa tayari safi. Akasema, "Na kama Kahindo anakufa kabla ya mufungo?"

"Atakufa akiwa njiani," nikasema. "Si sawa na kukaa."

"Hiyo ni maneno ya mutu mwenye afya," akasema.

Nikakubali kwamba ni kweli. Alikuwa na haki kunisema hivyo, na mpaka leo sijui kama mimi ndiye niliyekuwa sawa au yeye. Tuliachana bila "donc". Aliniambia atangoja mpaka siku ya mwisho ya kurudi, na mjane asipokuja, atanipa amri, nami nitatii au nitaacha kazi.

Siku hizo zote Kahindo hakwenda kwa Mama Zaina, maana hakuweza kutembea. Siku ya mwisho ndugu zake walimbeba kwa tipoyi, kile kiti cha kubebwa kwa miti mabegani, wakamweka nje ya ukuta wa matete. Nilikuwa nimeinua lango mapema. Mwangalizi alisimama juu barabarani, mahali ambapo mwanaume asiyebeba mgonjwa anaruhusiwa kufika. Wanawake wengine walishuka na kupanda, wakavaa, wakaenda. Alibaki Kahindo, nguo zake mapajani.

Mama Zaina alikuja wakati ule nilipokuwa nakunja mikono ya nguo yangu, nikijua amri iko karibu. Alikuja kwa miguu, mtandio kichwani, mwavuli uliofungwa mkononi. Alimpita Mwangalizi bila kumsalimia. Akauliza, "Yule mwanamuke wa kusimama kwa mulango yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akamtazama Kahindo kwa muda.

"Kila mwaka unakuya," akamwambia. "Mwaka huu hukukuya. Nikasema amekufa kabla nimuulize."

Kahindo akataka kusimama, akashindwa. Nikamweleza Mama Zaina kwa ufupi jinsi kazi inavyokwenda: atashika nguo, atauliza anachotaka, kisha atatoa au hatatoa, na hapana mtu atakayemlazimisha. Akasema anajua, mji mzima unajua mambo yetu ya nguo. Akanyoosha mikono, Kahindo akampa.

Nilimshusha Kahindo mwenyewe, nikiwa nimemshika chini ya mabega, maana mlinzi anaweza kumsaidia mgonjwa kushuka. Alikuwa mwepesi kama kapu. Alipofika ngazi ya mwisho nikamwacha, naye akazama. Nywele zake zilikuwa chache. Nikasema "Imefunika". Akainuka, akajishika kwenye jiwe la alama, Mama Zaina akaanza kuuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuliza bei.

"Wale waasi balikupiga?"

"Hapana, mama."

"Balikutisha na kisu? Na bunduki?"

"Hapana. Baliuliza tu. Nikaonyesha."

"Ulijua bwana yangu iko ndani ya nyumba? Ao ulifikiri ni lori tu?"

Nilielewa swali hilo ndilo lililomleta Mama Zaina kutoka mjini. Kama Kahindo angesema alifikiri ni lori tu, sisi wote tungeamini, na yeye angepanda na kuvaa. Alikohoa, akafuta mdomo.

"Nilijua," akasema. "Nilimuona asubuhi anafungua dirisha."

Mama Zaina aliinamisha kichwa akaangalia zile nguo mikononi mwake: kikwembe cha bluu kilichofifia, blauzi, kitambaa cha kichwa. Matope yalikuwa karibu na miguu yake. Barabara ilikuwa nyuma yake. Mimi sikuwa na kazi ya kufanya wakati huo, kwa hiyo nilisimama tu. Maji yaliendelea kuingia na kutoka.

Alikung'uta kitambaa cha kichwa, akakitoa kwanza, kama inavyotakiwa mgonjwa afunikwe kichwa kabla ya mwili. Kisha blauzi. Kisha kikwembe.

"Sijakusamehe, sikia vizuri," akasema. "Nimekuya kushika nguo tu."

"Wasingya," Kahindo akajibu. Ni asante ya Kinande, na nadhani Mama Zaina aliijua, baada ya kukaa miaka yote ile kati yetu. Alichukua mwavuli wake, akapanda kwenda barabarani.

Nilipomaliza kumfunga Kahindo na kumkabidhi kwa ndugu zake, Mwangalizi aliniuliza kama amesamehewa.

"Kwa Mungu, sijui," nikasema. "Kwa Mama Zaina, hapana. Nguo ilikuwa kavu."

Alifikiri, akaniambia inatosha, akaandika jina la Kahindo pamoja na wengine walio tayari. Kahindo alifunga mfungo ule nusu siku, kadiri ya nguvu zake, akafa kabla ya mavuno ya maharage. Mama Zaina hakuja mazishini, na sikutegemea aje. Baadaye nilikutana naye sokoni mara nyingi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, na hatukusema neno la birika.

Niliendelea Beni miaka mingi, nikarudishwa Butembo Mama wa Maji alipofariki, nikapewa cheo chake. Nilifundisha wasichana kusugua kwa miguu. Nilisimamia ujenzi wa birika la simenti, ambalo silipendi sana ila linavuja kidogo kuliko la mawe. Vita vingine vikaja, na majeshi yenye majina mengi, na kila baada ya vita foleni ya birikani ilipungua kwanza, kisha ikawa ndefu. Ndivyo ninavyojua kwamba watu hurudi, ila wanachelewa.

Niliomba kustaafu nikiwa bado na nguvu. Mzee wa Kusanyiko wa wakati ule alishangaa, akaniuliza kama nimechoka au kama kuna aliyenikosea. Nilimwambia sababu yangu wazi. Mlinzi hashiki nguo. Katika miaka yangu yote ya kazi, kama mtu aliyeonyesha nyumba ya Kambale angefika birikani akasema jina langu, ningekuwa na lango mkononi, na sheria ingenizuia. Huenda alikuwa kwenye foleni. Huenda nilimwuliza swali letu, akaniangalia, akasema hapana mtu. Sitaki kumfikiria mtu yeyote hivyo, na ndiyo maana niliona afadhali niondoke kwenye ukingo nikakae nyumbani, mahali ambapo mtu anaweza kunifuata.

Vijana wananiuliza kama nimekwisha kumsamehe. Nawajibu kwamba hajaniomba, na sijui nitasema nini akiniomba. Kujitayarisha kwangu ni kidogo kuliko wanavyofikiri. Siku za kurudi zikikaribia, sisafiri. Mlango wangu wa mbele ninauacha wazi tangu asubuhi, mikono yangu haina kazi nyingine. Yule aliyeonyesha nyumba nyuma ya migomba, kama yuko hai na anasoma haya au anasomewa, asiogope kuniita kwa jina la mjane wa Kambale. Aje na nguo kavu. Nitauliza nitakachouliza, kisha nitampa kitambaa cha kichwa kwanza.